Kutafuta Ugonjwa Ambao Mungu Hajanipa

Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja wa kwaya yetu alinisubiri mlangoni mpaka watu wakapungua. Ni mjane mwenye miaka hamsini na kidogo, mwimbaji wa sauti ya pili. Nitamwita hivyo tu, mama wa sauti ya pili, kwa sababu jina lake si langu kulitoa. Alikuwa amesikia tangazo langu kwamba Jumamosi ijayo gari la kanisa lingewapeleka akina mama kupigwa picha ya matiti. Akaniambia kwa upole, "Mdogo wangu, mimi siumwi. Mbona unataka nikatafute ugonjwa ambao Mungu hajanipa?"

Nilikuwa na jibu tayari, maana nilikuwa nimefundishwa majibu. Nikamjibu haraka, huku nikitabasamu, na nilimjibu vibaya. Tangu siku ile nimekuwa nikilifikiri swali lake, nami naona kwamba ndani yake mna maswali matatu. Je, kupima ni kukosa imani? Ni nani anayestahili kumwendea mwenzake na neno kama hili? Na anayelipeleka neno hilo anadaiwa nini? Hapa najaribu kumjibu upya.

Kanisa letu liko Des Moines, katika jimbo la Iowa, Marekani. Wengi wetu tumetoka Kongo na Burundi, na wengi tulipita katika kambi za Kigoma. Mimi nilikulia Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996. Hapa tunafanya kazi kwenye viwanda vya nyama, tunasafisha hoteli, tunatunza wazee wa watu wengine. Miaka michache iliyopita, shirika moja la afya lilitafuta wanawake kutoka jamii za wahamiaji ili liwafundishe kuwa wahudumu wa afya ya jamii. Mchungaji akanitaja. Tulikuwa kumi na mmoja, nasi tulikutana Jumamosi sita katika ukumbi wa chini wa kanisa. Tulishika titi la plastiki lenye uvimbe ndani, tukajifunza kuutambua kwa vidole. Tulijifunza umri wa kuanza kupima, namna ya kuomba miadi, namna ya kujaza fomu, na namna ya kuyajibu maneno ambayo akina mama husema wanapokataa.

Katika daftari nililopewa, maneno hayo yaliitwa vikwazo. Swali la mama wa sauti ya pili lilikuwamo, karibu neno kwa neno. Lakini lile halikuwa kikwazo, lilikuwa hoja, na mtu akikupa hoja haifai kuishughulikia kama jiwe lililoziba njia.

Fikiria alikotoka. Kambini hospitali ni ya mgonjwa. Mtu aliyeweza kusimama hakwenda kupanga foleni tangu alfajiri. Wanawake tuliowajua waliougua kansa ya titi walifika kwa mganga mkuu kidonda kikiwa kimekwisha kupasuka. Walipewa rufaa kwenda mbali, wakarudi, tukawazika. Aliyeyaona hayo hawezi kusema kwamba kansa hutibika. Atasema kwamba kansa ni jina jingine la mauti, na kwamba mauti haiitwi. Tukisema mama huyu hajui, tunakosea. Anajua, ila anajua kutokana na mahali ambapo ugonjwa ulionekana ukiwa umechelewa daima.

Hapa Marekani mambo ni tofauti, ingawa si kwa wote sawa. Wanawake weusi wa nchi hii hawaugui kansa ya matiti kuliko wazungu. Wanaugua kidogo pungufu. Lakini wanakufa nayo kwa kiwango kilicho juu kwa karibu asilimia 40. Sababu ni nyingi. Aina kali za ugonjwa huu huonekana zaidi miongoni mwetu, na tena katika umri mdogo. Lakini kuna sababu nyingine zisizotoka mwilini: kuchelewa kupima, kuchelewa kuanza matibabu, kukosa bima, kukosa ruhusa kazini. Mwanamke mhamiaji huongezewa mzigo wa lugha, na hofu ya ankara itakayofika kwa posta.

Kwa hiyo shauri tunalopeleka lina uzito. Mwezi Aprili 2024, jopo la kitaifa linaloshauri kuhusu uchunguzi wa magonjwa lilipendekeza kwamba wanawake wenye miaka 40 hadi 74, wasio na hatari ya pekee, wapigwe picha ya mamogramu kila baada ya miaka 2. Mashine hubana titi kati ya vibao viwili kwa sekunde chache. Inauma kidogo kwa wengine, kwa wengine sana. Anayepiga picha ni mwanamke karibu siku zote, jambo ambalo akina mama wetu hufurahi kulisikia. Picha hiyo inaweza kuonyesha uvimbe mdogo kabla vidole havijaugusa, na uvimbe ulioonekana mapema hutibika kwa urahisi zaidi.

Hapo ndipo watu hupenda kusema kinga ni bora kuliko tiba. Nami nilisema hivyo mara nyingi, mpaka nilipotambua kwamba methali hiyo hailingani na jambo lenyewe. Mamogramu haikingi. Haimzuii mtu kupata kansa. Methali inayofaa ni ile ya ufa: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa upo au haupo kabla hujawasha taa, na taa haipasui ukuta.

Hilo ni jibu la kwanza kwa mama yangu. Picha haiuleti ugonjwa. Kama haupo, hakuna cha kukuta. Kama upo, tayari unaishi naye, na Mungu anajua tangu zamani. Asiyejua ni yeye peke yake. Kujua yale ambayo Mungu anayajua kukuhusu si uasi.

Biblia inatusaidia hapa. Mfalme Hezekia aliugua hadi kukaribia kufa. Akaomba kwa machozi, naye Bwana akamsikia na kumwongezea miaka 15 (2 Wafalme 20). Ahadi ilikuwa imekwisha kutolewa. Hata hivyo Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Kama neno la Bwana lilikuwa limetosha, tini zilikuwa za nini? Sioni kwamba nabii alikuwa na shaka. Naona kwamba imani yake haikuufunga mkono usitumie kilichokuwa karibu.

Lakini nimesikia kosa la upande wa pili pia, nalo hutoka kwetu sisi tuliofundishwa. Tunasimama mbele ya akina mama na kusema kwamba Mungu ametupa akili, na asiyekwenda kupima anamjaribu Mungu. Tayari tumeufanya ugonjwa kuwa hakimu. Dada akigundulika amechelewa, tutasema nini kaburini? Kuna waliopima kila mwaka wakafa na kansa, na kuna bibi ambaye hajawahi kupima aliyefika miaka tisini akila ugali wake. Kupima ni tendo la busara, lakini si kipimo cha wokovu wa mtu wala cha utii wake. Anayelifanya kuwa hivyo amebeba kitu kizuri akakitumia kama fimbo.

Tena kuna gharama ambayo hatuna ruhusa ya kuificha. Mwanamke anayegundulika huamka asubuhi akiwa mzima na hulala jioni akiwa mgonjwa, ingawa mwili wake ni ule ule. Mama wa sauti ya pili aliposema haumwi, alikuwa akilinda kitu cha kweli: siku zake za kuimba bila hofu. Asiyeiona thamani ya siku hizo hafai kumwomba mwenzake aziweke hatarini.

Sasa nije kwenye swali la pili: ni nani apeleke neno hili? Katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, tunasoma juu ya wajane waliosahauliwa katika huduma ya kila siku. Hawakuwa wajane wote. Walikuwa wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani. Chakula kilikuwapo na wagawaji walikuwapo, na sidhani kama kuna aliyekusudia kuwanyima. Lakini kila siku walipitwa. Mitume hawakuwaambia wajane wajifunze lugha ya wengine, wala hawakuwaambia wawe na imani zaidi. Waliwaambia ndugu wachague watu saba wenye sifa njema, na yote saba ni majina ya Kiyunani. Kanisa la kwanza lilitambua kwamba mkate unaweza kuwapo mezani na bado mjane akalala njaa, kwa sababu hakuna mtu wa kwao kati ya wanaogawa.

Mashine za mamogramu ziko Des Moines. Tangu mwaka 1990 kuna sheria ya Marekani iliyoanzisha mpango wa kuwapima wanawake wenye kipato kidogo wasio na bima ya kutosha. Mkate upo mezani. Ndiyo maana kumfundisha mwanamke wa jamii ile ile ni jambo la haki kabla halijawa mbinu ya afya. Wengine walilijua hili kabla yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika jimbo la Arkansas, wanawake weusi waliopona kansa ya matiti walianza kusimama makanisani na kushuhudia yaliyowapata, katika kazi iliyoitwa Mradi wa Ushahidi. Hawakuwa madaktari. Walikuwa watu ambao waumini wangeweza kuwagusa na kuona kwamba wako hai.

Lakini nguvu hii ina hatari yake. Daktari akisema jambo, mama wa kwetu hulipima na kulitilia shaka. Mimi nikilisema, hulipokea, kwa sababu nilimpikia alipofiwa, na kwa sababu mtoto wake alisoma Shule ya Jumapili kwangu. Shirika lililonifundisha halikuninunulia imani hiyo ya watu. Ilikuwa akiba ya miaka. Ninapoitumia kumpeleka mama kwenye mashine, ninatoa kwenye akiba ambayo si yangu peke yangu. Ni ya kanisa zima. Shahidi akikosea, hata maneno yake ya kweli hayatasikilizwa tena.

Nami nilikosea. Siku ile mlangoni nilimjibu mama wa sauti ya pili hivi: "Mama, ni picha tu. Utaingia na kutoka salama, moyo wako utulie." Alikubali. Nilimpeleka mwenyewe, nikamshika mkono, tukarudi tukicheka. Jina lake likaingia kwenye fomu yangu na nikawa nimefikisha idadi ya mwezi.

Siku kadhaa baadaye ilifika barua kwa Kiingereza kutoka kliniki. Aliyekuwa nyumbani ni mwanawe wa mwisho, mwenye miaka kumi na miwili. Mtoto akasoma, akaelewa maneno machache: kuna kitu kisicho cha kawaida kwenye titi la kushoto, arudi haraka. Alimtafsiria mama yake akilia. Mama hakunipigia simu. Hakuja kwaya Jumatano, wala Jumapili, wala Jumapili iliyofuata. Nilipokwenda kwake nilimkuta ameshapanga nguo za mtoto kwenye sanduku, na ameandika kwenye karatasi jina la shangazi aliye Kanada. Akaniambia, "Uliniambia nitatoka salama."

Hakuwa amekwenda kwenye miadi ya pili, kwa kuwa aliona hapakuwa na haja. Mtu akishahukumiwa anarudi mahakamani kufanya nini?

Nilikuwa najua kile ambacho sikumwambia. Kilikuwa kwenye daftari langu. Kati ya wanawake 100 wanaopigwa picha hii Marekani, takribani 10 huitwa tena kwa picha zaidi, na wengi wao kwa mbali hawana kansa. Kuitwa tena si hukumu, ni kutazama mara ya pili. Ningetumia nusu dakika kulisema. Sikulisema kwa sababu niliogopa kwamba akilisikia hatakwenda. Yaani nilichagua kwa niaba yake kile anachoweza kustahimili kujua, halafu nikamwacha mwanawe akibebe.

Tulirudi pamoja, safari hii na mkalimani, ambaye kliniki inayopokea fedha za serikali inapaswa kumtoa bila malipo. Ulikuwa mfuko mdogo wa maji, hauna madhara. Alimshukuru Mungu, nami nikamshukuru. Lakini sikuruhusu habari ile njema ifunike kosa langu. Kama ingekuwa kansa, zile wiki za kukaa na sanduku zingekuwa wiki nilizomwibia.

Hapa ndipo lilipo jibu la swali la tatu. Anayepeleka neno anadaiwa ukweli wote, pamoja na sehemu inayopunguza mvuto wake. Sasa ninapokaa na mama yeyote, namwambia mambo manne. Picha inaweza kuokoa maisha. Inaweza kukuita tena bure. Inaweza kupitwa na ugonjwa uliopo, kwa hiyo ukihisi uvimbe, au ngozi kukunjamana, au chuchu kutoa damu, usisubiri miaka 2. Na mara nyingine huonyesha kansa ya polepole ambayo isingekuua kamwe, ila madaktari hawawezi daima kuitofautisha na ile inayoua, basi utatibiwa. Wenzangu wawili waliniambia nikisema yote haya nitawapoteza wengi. Nimewapoteza wachache. Walio wengi husikiliza mpaka mwisho, kisha huuliza gari litaondoka saa ngapi.

Mmoja niliyempoteza ni bibi mwenye miaka sabini na moja. Alinisikiliza, akanishukuru, akasema hapana. Amezika mume na watoto wawili, na hataki tena kuvuliwa nguo na watu asiowajua. Nilimwendea mara moja zaidi, nikahakikisha kwamba anakataa akiwa ameelewa na si kwa sababu ya usafiri au ankara. Alikuwa ameelewa. Kwenye fomu kuna nafasi ya waliopima na nafasi ya wasiofikiwa. Yeye hana nafasi. Lakini naamini mbele za Mungu kazi yangu kwake ilikamilika, maana sikutumwa kuyatawala maisha yake. Jumapili naketi karibu naye kama zamani. Kama upendo wangu ungepungua kwa kuwa amekataa, basi haukuwa upendo, ulikuwa chambo.

Yapo mambo mengine mawili tunayodaiwa, na haya yanalihusu kanisa zima. La kwanza ni ulimi. Sisi ni watu wa maombi, na tunapenda kuombeana kwa majina. Lakini titi la mtu si ombi la hadhara mpaka mwenyewe aseme. Nimewahi kuona dada akijua kwamba ugonjwa wake umefika kwenye kundi la maombi la simu kabla haujafika kwa mumewe. Tumwombee kwa siri, mpaka atakapofungua kinywa chake mwenyewe.

La pili ni gharama. Bwana Yesu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu (Luka 14). Kumwalika mwanamke kupima bila kuhesabu kitakachofuata ni kuweka msingi na kuuacha. Sheria ya mwaka 2000 iliruhusu majimbo kuwatibu kwa bima ya serikali wanawake wanaogundulika kupitia ule mpango wa 1990, lakini bima hiyo huangalia karatasi za uhamiaji, na si kila mama kwetu anazo. Kwa hiyo kabla ya kumpeleka yeyote tunauliza: akikutwa nayo, atatibiwa wapi, na nani atalipa? Nani atakaa na watoto siku za dawa? Nani atamsemea kazini? Katika ushirika wetu akina baba wameandika majina yao kwa ajili ya usafiri, na akina mama kwa ajili ya kupika. Orodha hiyo ilipaswa kuandikwa kabla ya tangazo langu la kwanza. Iliandikwa baada ya lile sanduku.

Mama wa sauti ya pili amerudi kwenye kwaya. Miaka 2 ilipotimia, yeye ndiye aliyenikumbusha. Kwenye gari nilimwuliza kama bado anaona tunatafuta ugonjwa ambao Mungu hajampa. Alifikiri kidogo, akasema, "Sijui amenipa au hajanipa. Lakini safari hii najua kuna nini huko, na najua utakuja nyumbani barua ikifika."

Ndugu msomaji, huenda katika ushirika wako kuna dada aliyefundishwa kazi hii, au wewe mwenyewe umeombwa kuifanya. Usimpe mwenzako hofu ili aende, wala usimpe ahadi ambayo si yako kuitimiza. Mpe ukweli, kisha mpe namba yako ya simu, na barua itakapofika, uwe mtu wa kwanza kubisha hodi.